Taa ya Mtu Aliye Hai

Tavdem, Shohdara
2 Septemba 2004

Mwanangu Qadamsho, popote itakapokukuta barua hii kwenye hiyo barabara yako,

Pokea salamu zangu kwanza, halafu uzipokee za wengine mmoja mmoja, maana wamenisimamia hapa kila mtu asisahaulike. Baba yako anakusalimu. Hajasema kwa mdomo. Nimemuuliza nikuandikie nini akajibu, "Andika unachotaka," basi hiyo ndiyo salamu yake, ichukue ilivyo. Dada yako Nekbakht anakusalimu, mikono imemchubuka kwa kuchimba viazi. Mwanawe Mohinav anakusalimu na anasema meno yake ya mbele yameota, umletee kitu kigumu ayajaribie. Shangazi yako Zarifmo wa nyumba ya juu anakusalimu, mguu wake uko vile vile ulivyouacha. Khalifa Alifbek, anayetusomea sala, anakusalimu na anakutaja katika dua zake. Mzee wa kinu anakusalimu, na mkewe, na yule mdogo wake asiyesikia, naye ameonyesha kwa mkono. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mimi mama yako sina ugonjwa, nina uchovu tu, ule wa kuamka umechoka kama ulivyolala.

Ulipoondoka viazi vilikuwa havijatoa maua, sasa vinachimbwa. Nahesabu hivyo, kwa viazi. Ulisema unawapeleka wale wazee wa Kizungu mpaka Osh na kwenye yale maziwa ya milimani huko mbele, mwezi mmoja. Mwezi umepita na mwingine unakwisha.

Kifua cha baba yako si kizuri. Sikufichi. Usiku anakaa badala ya kulala, na mchana anakaa kwenye ukuta wa nje akisikiliza magari ng'ambo ya mto. Anayajua yote kwa mlio. "Huyo Yodgor, gia ya pili inamlilia." "Hilo lori la unga." Kila siku jua likishuka anasema, "Kidonge hakijapita," kwa sauti ile ile, kama mtu wa redio. Mtu aliyeendesha njia ile miaka thelathini na moja, leo anaisikiliza kutoka ukutani. Tangu alipokupa ufunguo wa hilo gari lake Kidonge naona kama alikupa na miguu yake.

Kuna jambo anataka kulifanya na wewe uwepo. Amenikataza kuliandika. Anasema mtoto arudi kwa sababu hapa ni kwao, si kwa sababu ameitwa. Mimi siandiki jambo lenyewe, nasema tu uje kabla theluji haijafunga njia kule juu, maana baridi hii naogopa hataivuka, na nisingependa aivuke au ashindwe wewe ukiwa mbali.

Barua nampa Yodgor, atakutafuta pale sokoni Osh wanapolala madereva wetu. Kula. Usilale na dirisha wazi. Nijibu upesi, hata mistari miwili.

Mama yako,
Savsanmo


Osh
12 Septemba 2004

Mama,

Salamu zenu zote zimefika, hata ya mkono. Nawasalimu wote kama ulivyowapanga, na wa kinu nao.

Wazee wangu wameondoka jana kwa ndege. Walikuwa watu wema, ila yule bibi alikuwa anaokota mawe kila tuliposimama, kila mlima jiwe lake, na jioni anayaosha kwa maji yetu ya kunywa. Mumewe akamwambia, "Mpenzi, mwachie dereva angalau milima ya kurudia." Tumekwenda mpaka Naryn, tumekwenda mpaka ziwa Song-Kul ambako farasi ni wengi kuliko watu. Nimelala ndani ya gari usiku hamsini na kitu. Mgongo wangu umechukua umbo la kiti.

Nimechoka, Mama. Si uchovu ule wa kulala ukaisha. Nikifumba macho barabara bado inanijia, kona baada ya kona, na mguu unatafuta breki.

Lakini gari ni zima. Mwambie Baba Kidonge hakijalia hata mara moja, rejeta haivuji, na matairi ya nyuma bado yana meno. Mwambie nilipanda mlima wa Taldik kwa gia aliyonifundisha. Asipojibu kitu, sawa.

Jambo mnalonificha linanitia wasiwasi, lakini siulizi. Natafuta abiria wa kurudi nao, nikikosa napanda peke yangu. Siku sita, na mkichimba polepole nitawakuta na viazi.

Mwanao,
Qadamsho


Tavdem
28 Septemba 2004

Mwanangu,

Viazi vimekwisha. Vyote viko shimoni, tumevifunika majani, na wewe hujaja.

Wote hapa wanakusalimu. Leo sitawataja mmoja mmoja kwa sababu Yodgor anangoja nje, injini inaunguruma, baba yako anamwambia aizime asichome mafuta bure.

Huyo Yodgor ndiye aliyenipa habari. Nilimuuliza, "Hujamwona mwanangu?" Akajikuna kichwa. Nikamwambia, Yodgor, mimi nimekupa maziwa ulipokuwa huna mama, usinikunie kichwa. Ndipo akasema, "Shangazi, gari nimeliona. Liko Qaroqul, limeegeshwa mbele ya nyumba ya mjane mmoja wa Kikirgizi. Lina zaidi ya wiki pale. Mbuzi wa mjane wanajikunia ubavuni mwake. Nikagonga, mjane akasema kijana amelala. Mchana kweupe, Shangazi."

Sasa mwanangu nakuandikia kama mama. Kama ni mwanamke, sema. Mimi sikatai. Kama ni Mkirgizi, ni binadamu, tutajifunza lugha yake na yeye atajifunza viazi vyetu. Kama ni mjane, hata mimi mama yangu aliolewa akiwa mjane. Kama ana watoto, waje, Mohinav atapata wa kupigana nao. Nekbakht anacheka anasema nimeshaandaa harusi, lakini mimi sicheki, maana mtu halali mchana mlangoni kwa mjane wiki nzima bila sababu.

Baba yako hajui habari ya mjane. Anajua tu kwamba gari liko Qaroqul. Aliposikia akauliza, "Limesimama likielekea wapi?" Yodgor akasema linaelekea huku, kwetu. Akasema, "Basi," akarudi ukutani. Mimi sikuelewa amepata faraja gani hapo.

Anakula kidogo. Chai ya maziwa namvunjia mkate ndani, anakunywa chai anaacha mkate.

Nijibu na Yodgor huyu huyu akirudi, na unijibu ukweli.

Mama yako,
Savsanmo


Qaroqul
1 Oktoba 2004

Mama,

Nisamehe kwa kukutia mashaka. Mjane anaitwa Burul-apa na ana miaka sabini na tatu. Nimemsomea sehemu ya barua yako kwa Kikirgizi changu kibovu, amecheka mpaka akashika ukuta, halafu akasema nikuambie anakubali, ila mahari aletewe meno.

Sababu ni gari. Breki zimepata tatizo pale mlimani Qizil-Art, kitu kidogo lakini bila hicho siwezi kupanda Oq-Baital na kushuka upande wa pili. Spea nimeagiza Osh. Dereva aliyeahidi kuileta bado. Ndiyo maana nangoja. Yodgor alinikuta nimelala kwa sababu hapa juu hewa ni nyembamba na kichwa kinauma.

Hapa upepo ndio mwenye nyumba. Ziwa lina rangi ya chuma. Moto ni wa mavi makavu ya ng'ombe, na Burul-apa haniruhusu kuongeza hata kipande bila kumuuliza. Ananipa chai kila saa kama mgonjwa.

Mwambie Baba ni spea tu. Mwambie nikishaipata nakuja.

Sina zaidi. Mikono imepoa.

Qadamsho


Tavdem
5 Oktoba 2004

Mwanangu Qadamsho,

Barua yako ya spea imefika. Nimeisoma kwa sauti kama kawaida yangu, maana nikisoma kimya maneno yananikimbia, na baba yako alikuwa amekaa pale pale karibu na jiko. Nilipomaliza akasema, "Spea ya breki." Akatazama viatu vyake, akasema, "Mwaka ule mimi nilikata ulimi wa kiatu changu, nikautia mafuta, nikashuka mpaka Murghob." Halafu akauliza, "Hana viatu huyo?"

Nikamwambia, mzee, magari ya siku hizi si ya zamani. Akasema, "Kidonge ni cha zamani kuliko huyo mkwe wako wa Qaroqul."

Sasa naandika lile nililokatazwa, kwa sababu muda umekwisha. Baba yako anataka awashiwe taa angali hai. Ile ya maziko, ya siku ya tatu, unaijua, umekaa nazo nyingi. Hii ya mtu aliye hai hujaiona, kwa sababu hapa Tavdem mara ya mwisho ilikuwa ya bibi yake Zarifmo, mimi ndiyo kwanza nimeolewa. Ni ile ile: kondoo anachinjwa, watu wanakusanyika, khalifa anasokota utambi wa pamba, taa inawashwa, wanasoma. Ila mwenyewe amekaa katikati anasikia. Nilimwambia ataita kifo. Akasema, "Kinajua njia, hakihitaji kuitwa. Nikishakufa nitajuaje nani alikuja?"

Na wa kwanza aliyetaka aje ni wewe. Ndiyo sababu amekungoja tangu Agosti. Khalifa Alifbek amesubiri na yeye, lakini jicho lake linapasuliwa mjini na baada ya hapo hatarudi mpaka majira ya kuchipua. Kwa hiyo ni Alhamisi hii. Nilimwomba baba yako tukungoje wiki moja zaidi. Akasema, "Tuwashe. Nafasi yake iachwe wazi kulia kwangu, asikae mtu."

Haya ndiyo niliyotaka uyajue kwa mkono wangu usije ukayasikia njiani. Yodgor anasema atakufikia Ijumaa, kesho yake. Kama hilo gari linatembea hata kwa mguu mmoja, njoo. Kama halitembei, panda la mtu mwingine, liache hapo na mjane na mbuzi wake. Nani amekuambia lazima uje na gari? Sisi tunakutaka wewe.

Nitumie neno upesi.

Mama yako,
Savsanmo


Qaroqul
12 Oktoba 2004

Mama yangu,

Jana asubuhi dereva mmoja wa Murghob alisimama hapa kutia maji kwenye rejeta. Tukasalimiana, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Shohdara, Tavdem. Akavua kofia. Akasema, "Pole, kaka. Nimesikia Jelondi kwamba Alhamisi wamewasha taa kwa Imomyor, dereva yule wa zamani. Ulikuwa unamfahamu?" Nikasema ni baba yangu. Alinishika bega mpaka maji yakaacha kuchemka, halafu akaenda zake.

Tangu ile uliyoniandikia habari za mjane sijapata barua nyingine. Siwalaumu. Mlikuwa na maiti ndani.

Mungu amrehemu Baba. Nani alimwosha? Nani alishika jeneza mbele upande wa kulia? Pale palikuwa pangu. Hilo jambo mlilotaka niwepo sasa nimelijua. Alijua anakwenda, akataka anione, akakukataza kuniita, nami nikakaa hapa nakunywa chai.

Kwa kuwa hayupo tena wa kusikia, nakuambia ukweli. Hakuna spea. Gari halina kitu. Mwenye kuvunjika ni mimi.

Tarehe kumi na saba mwezi uliopita nilikuwa nashuka Qizil-Art peke yangu, sikupata abiria. Theluji imechanganyika na mvua, lile tope jekundu linateleza kama siagi. Sikuwa naenda kasi, Mama, naapa. Kidonge kiligeuka ubavu polepole, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala. Magurudumu mawili ya upande wangu yakawa hewani, juu ya korongo. Nikasikia mawe yakiteremka, nikangoja niyasikie yakifika chini. Sikuyasikia yakifika. Nikajiburuta mpaka kiti cha pili nikakikumbatia, na pale nilikaa zaidi ya saa moja, kila nikipumua gari linaitikia. Wakaja madereva wa malori, wakalifunga mnyororo wakalivuta. Mmoja akanicheka, "Dereva wa Kidonge, leo umemeza kidonge gani?" Nikacheka na mimi. Nikaendesha mpaka hapa vizuri kabisa, nadhani mwili ulikuwa haujapata habari.

Kesho yake nikakaa kwenye usukani na mikono ikawa ya mtu mwingine. Kila asubuhi nawasha injini, inapata moto, nazima. Burul-apa ameniambia, "Mwanangu, gari lako linakula bila kutembea, kama marehemu mume wangu." Nyuma yangu kuna Qizil-Art, mbele yangu Oq-Baital. Siendi mbele wala nyuma. Yodgor alipogonga nilikuwa macho, nilijifunika blanketi.

Na nilidanganya kwa ajili ya masikio ya Baba. Najua unasoma kwa sauti. Alikuwa akisema mlima humjua mwoga kwa harufu. Miaka yote aliyonifundisha hakuniambia hata siku moja kwamba naendesha vizuri, na nilikuwa nataka aniambie mara hii, nikirudi kutoka mbali vile. Sasa hata anicheke natamani.

Gari nitaliacha. Nitateremka na lori lolote upande wa Osh, naweza nikiwa nimefumba macho, na kutoka Osh kwenda Urusi na wenzangu. Nitakutumia matumizi. Sina uso wa kupita mbele ya ukuta ule. Nangoja siku kumi nipate neno lako, nijue umenisamehe, ndiyo niondoke.

Barua hii uisome peke yako.

Qadamsho


Tavdem
17 Oktoba 2004, Jumapili

Qadamsho mwanangu,

Baba yako yuko hai. Naliandika hili mwanzo kabla ya salamu ili usisome mistari mingine bure. Yuko hai, yuko nyuma yangu hapa anatafuta kofia yake ya manyoya, anasema nimeificha, na kweli nimeificha.

Ile taa ni ya mtu aliye hai. Nilikueleza yote kwenye barua ya tarehe tano, na barua yenyewe hujaipata kwa sababu Yodgor alipofika Alichur jino likamvimba akageuza gari, na barua ikabaki kwenye koti lake mpaka jana. Nimemwambia maneno ambayo khalifa asingependa. Huyo wa Murghob hakukudanganya, taa iliwashwa, na mtu yeyote wa kwetu angeelewa kama ulivyoelewa. Kosa ni langu, nilitii katazo lililonichelewesha.

Na hilo neno la kusoma peke yangu, mwanangu, ungeliandika juu. Wewe umeliweka mwisho kabisa.

Nilikuwa nasoma kwa sauti, kidole kwenye mstari. Nikafika pale "Mungu amrehemu Baba." Nikasimama. Tukaangaliana. Nekbakht aliyekuwa anakanda unga akajifunika uso na kitambaa, sijui analia au anacheka, nadhani yote. Baba yako akasema, "Amina. Endelea." Nikamwambia mzee, hii si ya kusomwa. Akasema, "Mimi ni marehemu, marehemu hakatazwi. Endelea."

Nikaendelea. Yote. Sikuruka neno, hata ningetaka, mimi na shule yangu ya miaka minne nikiruka napotea. Ya mawe yasiyofika chini. Ya blanketi. Ile ya kwamba hajakuambia hata siku moja.

Nilipomaliza akaniambia nirudie pale pa Qizil-Art. Nikarudia. Akauliza, "Kona ya jiwe jekundu au ile inayofuata?" Nikasema hakuandika. "Itakuwa inayofuata. Pale maji yanapita chini ya njia, kwa juu huoni." Kisha akasema kitu ambacho katika miaka arobaini na mbili ya ndoa sijakisikia. Alisema, "Kila safari, kabla ya kupanda Qizil-Art, nilikuwa nasimama Sari-Tosh natapika."

Nikamwambia, wewe? Akasema, "Mashati uliyafua wewe, hukuona?" Mwanangu, miaka thelathini na moja nilifua mashati yale nikilaani maziwa ya farasi ya Wakirgizi. Nilidhani wanamkaribisha mno.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtoto. Akasema, "Nani anamfundisha mtu kutapika?" Halafu baadaye sana, nimeshaanza kazi nyingine, akasema akiangalia jiko, "Na anaendesha vizuri. Ningempa ufunguo kama haendeshi vizuri?" Nimeiandika kama alivyoisema. Yeye anadhani alishakuambia siku ile alipokupa ufunguo.

Jana ameamka kabla yangu akala bakuli zima, na mkate. Akaomba buti. Anakuja, Qadamsho. Kesho asubuhi na Yodgor, ambaye jino limeng'olewa na sasa ananiogopa. Nilimwita muuguzi, akamsikiliza kifua, akasema mzee huyu asipande kupita Jelondi. Baba yako akamuuliza, "Binti, wewe umewahi kufika Jelondi?" Akasema bado. "Basi." Zarifmo amekuja na mguu wake amelia. Khalifa hayupo wa kunisaidia. Nilimwambia baba yako nitalala mlangoni, akasema ataniruka. Akasema, "Taa imeshawashwa, sala zimeshasomwa, mimi nimebakiza kazi ndogo tu. Mlima utanidai nini?"

Nilikuomba urudi ili baba yako asife wewe hupo, na sasa ninamfungashia mimi mwenyewe apande mahali ambapo hata wewe kijana kichwa kinakuuma. Nimekaa na jambo hili tangu jana. Ningeweza kumzuia kwa kweli, hana nguvu hizo anazojisifia. Lakini kwa miezi mitatu mtu huyu alikuwa anakwisha pale ukutani kama mshumaa wa mtu mwingine, na tangu aliposikia barua yako anaulizia soksi. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kungoja watu wawili, mmoja nimtazame anavyoondoka na mwingine asije. Mngojane nyinyi kwa nyinyi kwanza.

Sasa sikiliza. Barua hii naituma na lori la unga linaloondoka leo, litangulie siku moja, usije ukafungua mlango ukamwona ukadhani ni mzuka ukakimbilia ziwani. Mwambie Burul-apa aniazime moto wa kutosha, asimhesabie vipande. Nimempa aprikoti kavu, unga wa matunda makavu ya forosadi, vidonge vya kifua kwenye soksi ya kijivu, atasema amesahau, viko pale. Alale amekaa, mito miwili. Akikohoa na kushika ubavu, msipande siku hiyo. Asipige kelele kwenye hewa ile nyembamba, mwambie mimi nimesema, ingawa anasema anakuja kwa ajili hiyo tu: "Nitakaa kiti cha pili nimtukane mpaka nyumbani." Najua hatakutukana. Na ikishindikana kabisa, liacheni gari, mje na Yodgor, mimi sitauliza.

Urusi hatujaizungumza. Kama bado unakwenda, pitia hapa kwanza uniage kwa mdomo.

Nitakaa ukutani kwa niaba yake. Milio siijui kama yeye, itabidi nitazame. Wanakusalimu Nekbakht, na Mohinav, na shangazi yako, na wote wa kinu. Niandikie upesi, mkifika Murghob tu, mpe dereva yeyote anayeshuka. Sihitaji barua ndefu. Niandikie neno moja tu: nani anaendesha.

Mama yako,
Savsanmo